Mapipa Yetu ya Mkonge

Mpendwa Baba Rukia,

Eda imekwisha, na mapipa yetu bado yako bandani.

Unakumbuka tulivyoanza? Wewe fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha mkonge, mimi mwalimu wa kemia hapa Junju. Jioni moja ulirudi na gunia la makapi begani, unanuka hasa. Ukasema, "Mwalimu, haya tunayamwaga kila siku. Kama yana sukari, niambie tunaitoaje." Nikakueleza kuwa sukari yake imefungwa ndani ya nyuzi, haitoki kwa kukamua, kuna kuvu yenye vimeng'enya vinavyozikatakata nyuzi mpaka sukari iachie. Ikishaachia, hamira inaigeuza spiriti ya kupikia. Ulisikiliza mpaka chai yako ikapoa.

Pipa la kwanza tulitia kuvu makapi yakiwa bado yanafuka mvuke, joto likaviua vimeng'enya. La pili likachacha, likawa siki. Harufu ikafika kwa majirani, na kaka yako Athumani akaja kusimama mlangoni: "Nyumba hii sasa inapika pombe?"

"Hii si ya koo, kaka," ukamjibu. "Ni ya jiko."

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kisha ukaugua, na hukuinuka tena. Nilipotoka eda, Athumani alikuja, safari hii kwa upole. "Shemeji, mapipa yauzwe. Watu wanasema." Mamako alikuwa barazani anachagua mchele.

"Samahani, shemeji," nikasema, "mapipa hayatoki. Kazi tuliianza wawili, nitaimaliza mwenyewe."

Mamako hakuinua macho. "Mwache mke wa mwanangu afanye kazi yake," alisema.

Nikaanza upya. Nilichemsha makapi yakalainika, nikangoja yapoe hadi mkono wangu ukaweza kukaa ndani, ndipo nikatia kuvu. Baada ya siku kadhaa nilipima kwa dawa ya maabara ya shule. Nilipoipasha moto, buluu yake ikageuka nyekundu ya matofali. Sukari! Niligeuka kukuita, mume wangu. Jina lako lilikuwa limeshanitoka mdomoni.

Nililia kidogo, kisha nikatia hamira. Ilipomaliza kazi yake, nikachemsha na kukusanya mvuke wake, tone kwa tone.

Jana mamako alichemsha maji kwa spiriti yetu. Aliukodolea macho ule moto wa buluu. "Na moshi?"

"Hakuna, mama."

Akaniambia nilizime jiko, nimwonyeshe namna ya kuliwasha mwenyewe.

Spiriti ile ilitosha birika moja tu. Kwa hiyo kesho naenda kiwandani kuomba makapi ya tela zima. Wakinikatalia, nitarudi. Wakinikatalia tena, watanizoea. Binti yetu ameshaniambia hanisindikizi tu, anaingia nami ofisini.

Mungu akulaze pema. Mimi naamka alfajiri, nina kazi.

Mkeo,
Mama Rukia