Sauti ya Mama Katika Wimbo wa Tatu

Handsworth, Birmingham

Mdogo wangu Salimu,

Kifua kimepoa? Na goti la shangazi, bado linambishia? Huku miili yetu mizima. Roho ndiyo imechafuka, kwa sababu ya ile CD uliyoniagiza.

Sikuinunua. Nilikwenda ukumbini kumsikiliza mwimbaji mwenyewe, pamoja na Kevin, mwenzangu wa kiwanda cha magari cha Longbridge kabla hakijafungwa. Unajua bendi yake ya zamani, ile ya Waingereza, ilivyotulea. Tulikuwa Tanga, baridi hatuijui, lakini walipoimba habari za mtu asiyealikwa popote, tulijua ni sisi. Bendi ikavunjika, mwimbaji akaendelea peke yake, nasi tukamfuata kama muridi na shehe wao.

Juzi akakatiza nyimbo. Akasema anapita mtaa aliozaliwa asisikie lugha yake. Nchi imegawiwa wageni. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kevin akautoa mkono wake begani kwangu ili apate kupiga vizuri.

"Unashangilia nini?"

"Hakusemi wewe, bwana. Wewe ni wetu."

"Anamsema nani basi? Mke wangu?"

"Usianze siasa. Sikiliza muziki."

"Siasa kaanza yeye, tena kwa kipaza sauti!"

Nikatoka. Mtu katajirika kwa machozi ya wasio na kwao, leo anawafungia mlango! Wala usiniambie nitenge wimbo na mwimbaji. Wewe hukusimama pale.

Nyumbani nikaitoa kaseti yetu ya zamani ya bendi ile, na nyundo, niivunje. Unakumbuka tulivyoirekodi: redio mbili zikitazamana, mlango umefungwa, marufuku hata kukohoa. Nikasema niisikilize mara ya mwisho. Kufika wimbo wa tatu, mama akaita kutoka uani: "Nyie! Ugali unapoa! Mnataka niwapigie tarumbeta?" Siku ile ulilia, ukasema ametuharibia kaseti.

Sasa mama yuko kaburini, na sauti yake haiko pengine popote. Kiswahili chake kimeingia ndani ya wimbo wa bwana yule bila viza, naye bwana huyo hana wa kumwita akitoe.

Nyundo nimeirudisha kabatini. Kaseti anakuletea Mama Zuhura, jirani yetu wa huku, anayekuja likizo. Msalimie mkeo, na shangazi, na yule fundi aliyetuazima redio ya pili.

Bwana yule mwache aimbe zake. Ukifika wimbo wa tatu, ongeza sauti.

Kaka yako,
Hamisi