Kiganja Chako Mlangoni

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Sisi hapa Mbweni wazima. Mama yako keshapona mafua, na mdogo wako kaota ndevu mbili tatu, anazitazama kwenye kioo kutwa.

Umeniuliza kama mlango wa jengo letu bado unakijua kiganja chako, maana umekaa sana huko Muscat. Kabla sijakujibu, nikwambie jambo.

Katika usichana wangu nilipelekwa Kizimkazi kukaa na shangazi. Niliporudi mjini baada ya muda mrefu, nilisimama nje ya nyumba yetu nimeshikwa na haya, nikapiga hodi kwa sauti ndogo kama mgeni. Mama akatoka na upawa mkononi.

"Kumbe wewe? Tangu lini unapiga hodi kwenu?"

Akarudi jikoni, akaniachia mlango wazi.

Basi wiki iliyopita Haji, msimamizi wa jengo, alikuja kufuta kwenye kidude cha mlangoni viganja vya wasiokaa hapa. Alipofika kwenye jina lako akaniuliza, "Bi Zuwena, na huyu tumfute? Si hayupo?"

"Yupo," nikamwambia. "Kasafiri tu."

Akacheka, akakiacha.

Ukija, usikibonyeze kile kidude cha mlangoni kama nilivyofanya mimi siku ya kwanza, watu wakanicheka. Kiganja unakiweka juu yake bila kukigusa, kinasoma mishipa, mlango unafunguka. Uingie. Hodi usipige.

Bibi yako,
Zuwena