Swali Moja kwa Kiholanzi

Mdogo wangu Mama Felista,

Naomba radhi kwa kukaa kimya miezi mitano. Barua zako mbili ulizoandikiwa na mwanao Yohana zimenifikia, na ya pili ilikuwa na maneno makali niliyoyastahili. Sikukosa karatasi wala nafasi. Nilikosa jibu. Uliniuliza neno moja tu, "Mtoto unarudi naye lini?", nami sikutaka kukubabaisha, kwa kuwa maisha yangu yote nimewaadhibu watoto wa watu kwa kujibu swali ambalo hawakulielewa.

U hali gani? Miguu yako je? Yohana ameniandikia kwamba siku hizi wanunuzi wa korosho wanakuja na magari yao wenyewe mpaka majumbani, na kwamba maduka ya Newala yana sabuni na sukari bila foleni. Namshukuru Mungu kwa hilo. Mimi ni mzima, ila magoti yangu hayapatani na baridi. Yohana, unapomsomea mama yako barua hii, soma polepole, heshimu nukta na mkato, wala usiruke mahali panapouma.

Nianze na kosa letu, maana ni letu sote. Baada ya mwanao Felista kuzikwa huku ugenini, mumewe Pieter alipotuma tiketi ya ndege ya mtu mzima mmoja, tulikaa kwako siku nzima pamoja na wazee waliotoka Lukuledi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza tiketi ile ina maana gani. Kwetu mke akifa, mume humwita mkubwa wa ukoo wa mke kwa jambo moja, amkabidhi watoto. Pieter alikaa Newala miaka minne akifunga pampu za maji, akala nasi mizizi ya ming'oko, akasema lugha yetu. Tulidhani anajua. Hakujua. Alinitumia tiketi nije nilione kaburi la mtoto wetu, basi.

Siku ya nne baada ya kufika nilivaa suti, nikamwita sebuleni.

"Baba Ester," nikamwambia, "tumeuitikia mwito wako. Nimekuja kumpokea mtoto."

"Kumpokea wapi?"

"Mikononi mwako. Arudi Newala, kwa ukoo wa mama yake."

Aliweka kikombe chini. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi sikukuita wewe kwa hiyo." Sikuisahihisha sentensi yake, jambo ambalo si kawaida yangu.

"Felista hakukueleza mila yetu?"

"Alinieleza ukoo. Hakunieleza tiketi."

Hakunigombeza. Ingalikuwa afadhali. Aliniuliza tu, "Mke amekufa, sasa na mtoto pia?" akatoka akaenda kusimama uani penye mvua. Baada ya siku mbili alirudi na neno lake. Alisema nimuulize Ester mwenyewe, na akitaka kwenda hatamzuia. Lakini yeye hatanitafsiria. Hataki siku moja mtoto aseme kwamba baba yake alibadili maneno yaliyotoka kinywani mwake. "Umuulize kwa lugha yake," alisema, "akujibu, na wewe umwelewe."

Unajua Ester ana miaka tisa. Felista alimsemesha Kiswahili akiwa mchanga, lakini mtoto alipoanza shule na mama yake alipoanza kuugua, lugha ile ilimtoka. Imebaki "njoo" na "lala" na maneno mengine machache. Hivyo nimekuwa mwanafunzi nikiwa na umri wa miaka sitini na tatu.

Naamka saa kumi na moja alfajiri, nasali, kisha nakaa kwenye meza ya jikoni. Daftari langu nimelipiga mistari ya safu nne: neno, maana yake, wingi wake, na sentensi niliyoitunga mwenyewe. Maneno kumi kila siku, si tisa wala si kumi na moja. Kila neno naliandika mara tano, kisha nafunika safu ya maana kwa kadi na kujitahini. Neno nililolikosa hurudi kesho yake likiwa la kwanza. Jumamosi najipa mtihani wa maneno sitini na kuusahihisha kwa wino mwekundu. Katika mtihani wa kwanza nilipata kumi na tisa. Ningalikuwa mwanafunzi wangu, ningalijipigisha magoti nje.

Ester akishaenda shule, nafagia mbele ya nyumba, ingawa hakuna kinachohitaji kufagiwa, ili nipate watu wa kusalimu. Kila siku nina sentensi moja, na kila apitaye naye anaipata. Jirani yetu, mzee mwenye mbwa, amekwisha kuambiwa nami kwamba mvua inanyesha, kwamba baiskeli yake ni nyekundu, na kwamba dada yangu anaishi juu ya mlima ambako maji hufuatwa bondeni. Hiyo ya mwisho ilimshangaza, maana hapa watu huyafukuza maji kwa mashine yasiwafurikie. Dukani nasoma maandishi ya kila pakiti, hata mwenye duka aliwahi kuniuliza kama nimepotelewa na kitu. Mchana nasikiliza taarifa ya habari redioni na kuandika kila neno ninalolikamata, hata nisipolielewa. Mwanzoni nilikamata matatu. Sasa nafikia nusu ya ukurasa.

Mara mbili kwa wiki nahudhuria darasa la wageni katika ukumbi ulio jirani na kanisa. Wanafunzi wenzangu ni akina mama wa Kituruki na Kimoroko, na mwalimu wetu ni Bibi Corrie, muuguzi mstaafu. Kila jina katika lugha hii hutanguliwa na kimojawapo cha vijineno viwili, na hakuna kanuni ya kukuonyesha kipi kiende wapi. Niliuliza sababu. Bibi Corrie akajibu kwamba hakuna sababu. Mimi niliyefundisha ngeli miaka thelathini na mmoja nililipokea jibu hilo kama mtu aliyetukanwa.

Siku moja aliniambia, "Bwana Barnaba, funga daftari."

"Sijamaliza kuandika."

"Ndiyo maana nasema ulifunge. Mwambie huyu mama umekula nini asubuhi."

Nilimtazama yule mama wa Kituruki, naye akanitazama, na neno la mkate likanikimbia, neno nililoliandika mara tano wiki ile ile. Mama yule alicheka, akafungua mkoba wake, akanipa nusu ya mkate wake. Nilikula kwa aibu. Tangu hapo najifunza kuzungumza kabla sijawa tayari, jambo nililowakataza wanafunzi wangu wote.

Lakini mwalimu wangu mkali ni Ester. Akirudi shuleni saa kumi hukaa nami mezani na kitabu chake cha zamani cha kusomea. Nikikosea hukunja uso kama wewe unapochambua mchele, mpaka wakati mwingine nashindwa kumtazama.

"Tena," huniambia.

"Nimesema sawasawa."

"Hujasema. Itoe kooni."

"Koo la mtu wa Masasi halina sauti hiyo."

"Mama aliweza."

Baada ya neno hilo tulifunga kitabu, ingawa ukurasa haukuwa umekwisha.

Sasa nikueleze lililonibadilisha. Alasiri moja alirudi shuleni akilia, na Pieter alikuwa kazini. Alisimama mlangoni na koti lake likitiririka maji, akanieleza jambo refu. Wakati ule nilikuwa na maneno yapata mia sita. Niliweza kutaja kila chombo kilichomo jikoni. Sikuwa na hata sentensi moja ya kumwambia mtoto aliyefiwa na mama yake. Katika maelezo yake yote nilikamata "mama" na "Jumatano", na mengine yakanipita. Alirudia, akarudia tena, sauti ikipanda, kisha akaacha, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Nilimvua koti, nikampa maji, nikasema kwa Kiswahili, "Pole." Akaniangalia. Neno hilo alikuwa akilijua. Aliniegemea begani, tukakaa hivyo hadi baba yake aliporudi na kunieleza: Jumatano akina mama wa darasa lao huenda shuleni kuoka mikate pamoja na watoto.

Mdogo wangu, jioni ile nilikuona wewe katika nafasi yangu. Nilimwona Ester amesimama mlangoni kwako akilia, na wewe, unayejua kumbembeleza mtoto kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona, huna neno la kumfikia. Najua utasema watoto hujifunza lugha upesi. Ni kweli. Huyu hujifunza upesi na kusahau upesi. Ameisahau ya mama yake. Akikaa kwetu miaka mitatu ataisahau na ya baba yake, na siku hiyo atakuwa yatima wa pande zote mbili, ilhali baba yake yu hai.

Hata hivyo nilikuwa nimetumwa, na aliyetumwa hujibu kwa waliomtuma. Nililitunga swali. Nililiandika, Bibi Corrie akalikagua, nikalikariri wiki nzima wakati wa kufagia. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulikwenda kaburini, Ester na mimi, kama ilivyo desturi yetu. Yeye hubeba ndoo ndogo ya kumwagilia maua. Alipokuwa akimwagilia nilimuuliza: Je, unataka kuja kuishi na bibi yako Newala, au unataka kubaki hapa na baba yako?

Alinielewa mara moja. Nilifurahi kama mtoto wa darasa la kwanza, kisha nikaionea haya furaha yangu.

"Huko kuna maji?" akauliza.

"Yapo, lakini ni mbali."

"Na mama?" Akaonyesha kaburi kwa ndoo.

"Mama atabaki hapa."

"Na baba?"

"Naye atabaki."

"Basi nitakuwa peke yangu."

Nikamwambia kuna bibi yake, kuna mjomba wake Yohana, kuna watoto wengi wa kucheza nao. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Bibi analia?"

"Analia."

"Kila siku?"

Ningeweza kumdanganya. Msamiati wa kutosha ninao sasa. Nilisema, "Kila siku."

Alimwaga maji yaliyobaki, akaipindua ndoo, akaikalia. "Nataka kufikiri," akasema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka shule ifungwe. Na usiniulize tena kabla ya siku hiyo."

"Sitakuuliza."

Shule zitafungwa mwanzoni mwa kiangazi, na ruhusa yangu ya kukaa huku inakwisha wakati huo huo. Nimempa ahadi na nitaitimiza. Siwezi kuwa nimewafundisha watoto kukaa kimya darasani, kisha mwenyewe nikashindwa.

Lipo jambo jingine, na hili ndilo gumu zaidi kuliandika. Pieter alipoleta posa, mimi ndiye niliyeitikia. Wewe ulikaa nyuma ya mlango, ukaniambia kwa Chimakonde kwamba nchi ya mtu huyo iko mbali mno. Nilikujibu kwamba dunia siku hizi imekuwa ndogo. Felista alikwenda kwa neno langu. Alipougua, hakuna mtu wa ukoo aliyemshika mkono, na hayo pia yametoka katika neno langu. Sasa ukoo unanitaka niseme neno la pili juu ya mtoto wake. Nimekuwa mwoga, mdogo wangu. Naogopa kinywa changu.

Kwa hiyo nakuambia mapema. Mtoto akisema anakuja, nitakuja naye, na nitakaa kwako Newala, nisirudi kwangu Lulindi, mpaka uweze kuzungumza naye wewe mwenyewe. Daftari langu litatutosha sote wawili. Akisema anabaki, nitarudi mikono mitupu, nitasimama mbele ya wazee na kusema kwamba uamuzi ni wangu, wasikulaumu wewe wala Pieter. Umeniandikia kwamba umekwisha kumfumia mkeka na kwamba umezungumza na kungwi, ili siku zake zikifika asikose wa kumfunda. Mkeka hauna neno. Kwa kungwi, nakuomba usubiri. Najua ninachokunyima ninapoandika hivi. Ulizaa binti mmoja, na huyu ndiye aliyebaki wa kukufanana.

Mpe salamu mke wangu, Mama Yusta, aje Newala asomewe barua hii yote, si muhtasari wake. Msalimie shemeji yetu mkubwa wa Lukuledi, aliyenifungia suti kwa karatasi za magazeti, mwambie ilifika bila kukunjamana. Msalimie kungwi, jirani yako, kwa heshima zote. Msalimie mlinzi wa kanisa la Lulindi, aendelee kuniwekea nafasi yangu. Yohana nimekwisha kumsemesha ndani ya barua, naye ajitahidi katika matumizi ya herufi kubwa. Pieter anakusalimu pia. Ameniomba nikuandikie "Shikamoo mama", nami nimeiandika kama alivyoisema.

Ester bado anafikiri. Nyakati nyingine namsikia akipanda ngazi na kusimama katikati, asiende juu wala asishuke, nami simwiti. Siku atakayoamua nitakuandikia siku hiyo hiyo, kwa maneno yake mwenyewe, kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote.

Kaka yako akupendaye,
Barnaba