Wimbo wa Kumi na Tisa

Kumbakonam, 9 Juni 1995

Mwanangu Ranga,

Pokea salamu zangu. Mimi mzima, ila magoti, nayo umeshazoea kuyasikia. Wewe je? Kikohozi cha huko Leeds kimekuachia? Unakula wali, au bado ni ile mikate yako mikavu?

Kitabu chako cha nyimbo ulizotafsiri kimefika. Kiingereza sikijui, lakini nilikipaka liwa nikakiweka chumba cha sala, miguuni pa Krishna, kwa kuwa nyimbo ni zake. Bwana wa posta alinisomea ukurasa wa shukrani, akafika kwenye lile jina, akauliza, "Huyu nani, mama?" Nikamwambia, baba yake Ranga. Akacheka. "Mpaka leo humtaji mumeo? Na ameshakufa?" Nikamwambia mke mwenye adabu hamtaji mumewe, awe hai awe maiti, na yeye aendelee kugonga mihuri yake.

Desikan amekuja kukiazima. Unamkumbuka, yule mwanafunzi wa baba yako aliyemaliza vitumbua vyangu vya idli kumi na viwili kwa mkao mmoja. Siku hizi ni wakili, ana tumbo na ana chama. Nimempa kwa furaha. Nilitaka mtu anayejua kusoma akisome.

Mama yako


Leeds, 24 Julai 1995

Amma mpenzi,

Naigusa miguu yako kwa mbali. Kikohozi kimeondoka, kimeniachia jambo lisilotibika kwa tangawizi.

Desikan ametushtaki, mimi na mchapishaji wa Madras, kwa sheria ya maandishi machafu. Anasema wimbo wa kumi na tisa, ule ambao mwanamke anamlaumu Krishna kwa kumwacha kitandani alfajiri kabla hajashiba naye, nimeutunga mimi mwenyewe ili kuuchafua Uhindu. Anadai hakuna mcheza ngoma wa hekalu aliyewahi kumwimbia Mungu hivyo.

Jibu limo kabatini mwa marehemu Appa. Kile kitita cha majani ya mvumo, nyimbo sitini na nne, maandishi ya zaidi ya miaka mia mbili. Hakuna nakala nyingine, na Appa hakutaka kipigwe picha, unajua alivyokuwa. Daftari nililonakilia halinisaidii kitu, ni mwandiko wangu. Amma, usimpe mtu yeyote. Wakili wangu, Bibi Thilakam, atakuja kukichukua mwenyewe tarehe ishirini Agosti. Kikifika mbele ya hakimu, mimi na Appa si waongo tena.

Binti yako


Kumbakonam, 4 Agosti 1995

Mwanangu,

Hujambo? Barua yako sijapata tangu Juni, tarishi anasema kuna mgomo Madras. Mimi sijambo. Jana nililala vizuri kwa mara ya kwanza wiki hii, na nitakueleza kwa nini.

Watu wa chama cha Desikan walikichoma kitabu chako kando ya bwawa la hekalu. Kisha wakaja mlangoni kupiga kelele, eti mwalimu alimsomesha bintiye uchafu. Jirani yangu Pankajam akaninong'oneza kwamba polisi watakuja kupekua na kuyachukua majani ya baba yako. Nikawaza: askari na viatu vyake, kwenye kabati lile?

Jana ilikuwa siku ya kumi na nane ya mwezi wa Aadi. Mto Kaveri umejaa, wanawake wote walikuwa mtoni na vyungu vyao vya wali. Nikakibeba kitita chini ya sari. Unakumbuka mama mkwe wangu alivyofanya na majani yaliyochakaa: hayatupwi, hayachomwi, yanakabidhiwa mto siku hiyo. Nikakipaka manjano, nikakifunga asumini, nikawasha taa, nikakiachia. Kiligeuka mara moja, kikaenda. Nililia kama siku ile tulipompeleka baba yako.

Sasa waje wapekue. Hawatakuta kitu cha kumwaibisha baba yako wala cha kukufunga wewe.

Mama yako


Leeds, 19 Agosti 1995

Amma,

Naigusa miguu yako. Nimeipata barua yako. Ulifanya vyema, usiwe na wasiwasi. Nina picha za majani yote, nilizipiga kwa siri Appa akiwa amelala. Ikikufikia ile barua yangu ya Julai, ichane bila kuisoma, niliiandika kwa hofu tu.

Kula vizuri.

Binti yako


Kumbakonam, 17 Oktoba 1995

Mwanangu,

Salamu zangu zimechelewa miezi miwili, nisamehe. Sikuwa na uso wa kukuuliza hali.

Barua yako ya Julai ilifika siku tano baada ya mto. Ulipokuja kuniambia niichane, nilikuwa nimeshaisoma mpaka naijua kwa moyo. Hizo picha nilitaka sana kuziamini. Nilipomuuliza Bibi Thilakam, akatazama vidole vya miguu yake. Hujawahi kujua kudanganya, Ranga, tangu ulipokuwa unaniibia sukari guru. Basi ni hivyo. Jina la mwanangu nimelizamisha kwa mikono yangu, na maua nikaliwekea juu.

Nikaenda mahakamani. Miaka thelathini na tano nilizisikia nyimbo zile kila asubuhi, yeye barazani, mimi jikoni nakuna nazi. Zote ninazo kichwani. Karani akaniuliza jina la mume wangu. Nikanyamaza. Akauliza tena, watu wakacheka, ikabidi Bibi Thilakam alitaje kwa niaba yangu. Kisha mjane huyuhuyu wa miaka sabini, aliyeshindwa kutaja jina la mumewe, akauimba wimbo wa kumi na tisa mwanzo hadi mwisho. Safari hii hakucheka mtu.

Nikamgeukia Desikan. "Desikan, si mwalimu wako alikufundisha huu, pale mbele ya mlango wangu? Ulikuwa unaukosea kila siku mstari wa tatu."

"Sikumbuki, mama," akasema. Hakunitazama.

Hakimu ni mtu mpole. Alisema sauti si hati, huenda ulinifundisha wewe. Nikamwambia wewe huwezi kumfundisha mtu kuimba, unaimba vibaya mno. Hilo hakuliandika.

Mama yako


Leeds, 12 Novemba 1995

Amma,

Naigusa miguu yako. Magoti yanaendeleaje na baridi?

Mchapishaji amechoka, amepatana na Desikan nje ya mahakama. Vitabu vyote vilivyobaki vitasagwa. Mimi, kwa kuwa sikufika mahakamani, nimetolewa hati ya kukamatwa, nikitua tu Madras nachukuliwa palepale uwanjani. Kwa hiyo sikukuu ya Pongal sitakuja, na sijui nitakuja lini.

Nilikukasirikia wiki nzima. Sikufichi. Sasa hasira imeisha, nimebaki na kilio tu.

Niandikie zile nyimbo, zote sitini na nne, kwa mkono wako. Si za kumpa hakimu. Nazitaka mimi.

Binti yako


Kumbakonam, 3 Februari 1996

Mwanangu,

Uko salama? Mimi nipo. Daktari anasema moyo wangu umechoka, nikamwambia una haki ya kuchoka.

Nyimbo naziandika, mmoja kila siku nikitoka kuoga. Macho yana ukungu, Pankajam ananishikia taa na kulalamika. Nitakutumia zote pamoja zikiisha.

Wa kumi na tisa nimeuruka, nitauandika wa mwisho. Ule baba yako hakuuimba barazani tu. Aliniimbia mimi, mlango umefungwa, kabla wewe hujazaliwa. Wanasema ni mchafu. Sijui. Ulikuwa wetu, nami nimeuimba mbele ya karani.

Mama yako


Leeds, 20 Mei 1996

Amma,

Nakuuliza hali kwa mazoea tu.

Pankajam ameniandikia yote. Maiti hasubiri, na ile hati haijafutwa, kwa hiyo sikuja. Kwa kuwa hamkujaliwa mwana wa kiume, Desikan aliomba awashe moto wa mazishi yako yeye, wakamkubalia. Pankajam anasema Desikan alipokuzunguka na chungu cha maji begani alikuwa akiimba kwa sauti ya chini. Pankajam anaujua wimbo ule wa kumi na tisa, alikusikia mahakamani. Anasema mstari wa tatu alikosea.

Leo bahasha imefika. Nyimbo sitini na tatu, nimezihesabu mara mbili, hakuna hata neno moja linalopishana na daftari langu. Karatasi ya mwisho umeiandika juu kumi na tisa. Chini yake, pale wimbo ulipopaswa kuanza, kuna jina moja tu, kwa herufi kubwa za mtu asiyewahi kuliandika: Sundaravaradan.

Nimelisoma kwa sauti, Amma.

Binti yako