Kwa Muthoni, Niliyemkimbia Kitandani

Mpenzi wangu Muthoni,

Mtoto wetu ameanza kusimama. Anashika ukuta, anacheka, kisha anaketi kwa kishindo na kunitazama kwa macho yako. Hapo ndipo unaponijia, na nyumba yote hunishinda kukaa.

Wewe ulikuwa mtu wa Ishiara, mtu wa jua. Nilipokuleta huku Kibirichia ulilala na soksi na sweta, halafu ukaniwekea miguu yako mgongoni. "Kirimi, hii baridi yenu mngeniambia mapema," ulikuwa ukisema, nami nacheka na kukuvuta karibu. Tulikuwa na furaha. Nalisema waziwazi kwa sababu siku hizi naona kama niliota.

Kisha mimba ya kwanza ikatoka. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, na Jumapili tulikuwa tumeshinda ndani kwa sababu ya mvua, tukipendana kama watu waliooana jana. Ulipoona damu, nilijihukumu papo hapo. Niliamini ni mimi niliyemuua mtoto wetu. Sikukwambia. Sikumwambia mtu yeyote.

Ya pili ilipoanza kuonekana, nikahamishia godoro stoo. Nilikudanganya kwamba nalinda viazi. Ulicheka sana. "Nani ataiba viazi hapa, na kila boma liko navyo?" Wiki ya tatu hukucheka. Asubuhi uliniletea chai, ukasimama mlangoni umeshika tumbo, ukauliza, "Kwani nimekuwa mbaya hivyo?"

"Aki si hivyo, Muthoni. Wewe pumzika tu."

Nikakununulia blanketi zito. Mjinga mimi, nilidhani nimekutunza.

Kliniki tulienda pamoja. Muuguzi alikupima, kisha akanigeukia: "Na wewe baba, uko na swali?" Swali lilikuwa limenijaa mdomoni. Lakini akina mama walikuwa wamejaa kwenye benchi, wanasikia kila kitu, nami nikaona haya. Nikasema, "Hapana, sista." Ukaangalia chini. Najua ulidhani sijali.

Majuzi nilimpeleka mtoto chanjo nikamkuta muuguzi yuleyule. Nikamuuliza kama kulala na mke mjamzito humdhuru mtoto, hata sikujali nani anasikia. Alinitazama kwa huruma. "Kama hakuna damu na daktari hajakataza, hiyo haiumizi mtoto. Hata ile ya kwanza si hiyo iliitoa. Si ungeniuliza tu ile siku?" Nilitoka nje nikakaa kwenye nyasi na mtoto mapajani, nikalia mpaka akaanza kunipapasa uso.

Kuna jambo ambalo watu wa nyumbani hawalijui. Siku uliyojifungua, damu ilikataa kukatika. Waliniruhusu kuingia kidogo. Midomo yako ilikuwa imepauka, lakini ulinitambua. Nikanyoosha mkono nikushike shavu, mara ya kwanza kukugusa baada ya miezi mitano. Ukageuza uso taratibu.

"Usijilazimishe, Kirimi."

Hukusema lingine tena. Maneno hayo nayasikia nikipalilia, nikimwogesha mtoto, nikiwa kanisani watu wakiimba. Kila mara nageuka kukujibu, na sioni mtu.

Pumzika, Muthoni. Ila popote ulipo, nisikilize hili moja: sikuwa najilazimisha. Nilikutaka kila siku.

Mume wako