Ukipata Kazi Muleba

Joyness, kitendawili: anakaa ukutani, hali wala halali, ukimshika yeye ndiye anayekushika. Umeme, basi.

Nimeenda kufagia kanisa. Ebitoke vya ndizi vimo sufuriani, ule ushibe kabla ya usaili wa umeme. ~~Vaa gauni la Pasaka.~~ Nimekata hilo. Vaa suruali, huenda wakakupandisha ngazi. Buni za akamwani nimekufungia kwenye leso, wape wakubwa watafune. Si hongo, ni heshima. Au fundi umeme hagawi kahawa? Hata sijui.

Asubuhi nilikusikia ukijisaili mbele ya kioo, ukisema, “Mtu amenaswa na umeme, utafanya nini kwanza?” Nikadhani unaniuliza mimi, nikajibu, “Namvuta!” Ukapiga kelele, “Bibi, na wewe umeshakufa! Zima swichi kubwa kwanza!” Mtu kuambiwa amekufa hata chai hajanywa! Nilinuna, nawe unacheka.

Halafu ukauliza taratibu, “Bibi, nikipata kazi Muleba, utabaki na nani hapa Buhembe?” Sikujua hilo nalo ni la usaili au ni langu. Nikachukua ufagio, nikakuandikia haya kabla ya kutoka.

Alistidia wa jirani atahamia humu ndani. Nilimwomba tangu jana. Nenda, mjukuu wangu.

Bibi yako