Ufunguo wa bunduki uko kiunoni

Cédric, acha unachofanya. Mzee Mansukh, babake Paresh, amechukuliwa bunduki. Ile anayopigia visahani vya udongo vinavyorushwa hewani kilabuni. Na mashindano ni keshokutwa!

Si wamehama Hayes wakaja Woolwich? Mzee, mtu wa sheria, akaita polisi wabadilishe anwani kwenye kadi ya bunduki. Kule Hayes askari alikuwa anakunywa chai, anasaini, anaenda zake.

Wa leo kakataa chai.

Kaangalia kabati la chuma, kauliza, "Ufunguo uko wapi?" Mzee akamgeukia mkewe. Mama Paresh akachomoa funguo zote kwenye sari: wa stoo, wa sanduku la dhahabu, wa bunduki. Kiunoni, Cédric. Kiunoni!

Askari akasema ni mwenye kadi peke yake anayeruhusiwa kujua ufunguo ulipo.

"Bwana," Mzee akamwambia, "nyumba hii mimi sina hata ufunguo wa biskuti."

"Basi mama aombe kadi yake," akasema askari, akatoa fomu.

Mzee akashusha pumzi. Mama akavaa miwani, akajaza pole pole. Penye "Sababu ya kuhitaji bunduki" akaandika maneno mawili:

Mume wangu.

Askari kasoma. Kamtazama Mzee. Kasoma tena. Kaondoka na bunduki.

"Lakini si kweli?" Mama bado anauliza. "Si ni yeye anayeipenda?"

Mzee amekaa tu, analitazama kabati tupu. Mama amelifunga vizuri, ufunguo karudisha kiunoni.